Ufagio wa Sittana

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya paa la jiko, kwa hiyo amri ya kumzika Bibi ilimfikia Satti akiwa amesimama huko juu kama jogoo, ndala moja imemvuka, na nyumba nzima ikimsikiliza kutoka uani.

"Nimzike vipi, Bi Widad? Huyu alishazikwa zamani, miaka elfu na ushee."

Aliyekuwa upande wa pili ni mkaguzi wa mambo ya kale, naye siku hizo alikuwa mkimbizi, analala na wanawe kwenye darasa la shule huko Port Sudan. "Mzike tena," alisema. "Ng'oa mlango, jaza shimo, sawazisha juu. Wale wenye bunduki wana mashine inayonusa chuma, Satti. Wakipita hapo wasione hata alama."

"Na mshahara?" Satti aliuliza kwa sauti ya chini, lakini paa la jiko halina siri.

"Ningekuwa nao ningekuletea kwa miguu." Kisha simu ikakatika.

Chini uani mama yake, Hajja Bakhita, alitema kokwa ya tende. "Mwaka na zaidi hawamlipi kulinda mifupa. Sasa wanamwomba aizike, bure vilevile."

Sittana, mkewe Satti, hakucheka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya korongo, ambako vumbi la magari ya wenye bunduki lilikuwa limesimama siku ya tatu sasa. Magari hayakuja na hayakuondoka. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mtu mwenye haraka anapita zake. Asiyepita kuna anachokitafuta.

Kilima cha Bibi kilikuwa nyuma ya nyumba yao, na ndani yake mlikuwa na chumba kilichochorwa kuta zote. Wachimbaji wa vyuo walikigundua, wakakipima, wakakitilia mlango wa chuma, wakaondoka na msimu. Sittana aliingia mara moja tu, akiwa na mimba yake ya kwanza. Kwa mwanga wa taa alimwona Bibi mwenyewe ukutani: mwanamke mnene, macho makubwa, pete kwenye kidole gumba, kiganja amekiinua kama anayesema *subiri kidogo*. Sittana alitoka analia na hakujua analilia nini.

Kazi ya mlinzi Satti aliirithi kwa baba yake, na namna ya kulinda vilevile. Kila alfajiri alizunguka kilima akisoma mchanga: huyu mbweha, huyu mbuzi wa jirani, huyu mtu. Akishasoma, mchanga ulifagiwa ukawa safi kama ubao wa chuo cha Kurani, ili kesho usomeke tena. Tangu goti lake liharibike, anayefagia alikuwa Sittana, kwa ufagio wa makuti ya mtende. Miaka kumi na moja. Aliweza kufagia huku anawaza mboga.

*

Jumanne waliitana kama watu wanavyoitana kumjengea jirani ukuta. Wanaume waliung'oa mlango. Wanawake walisimama mstari kutoka kingo za korongo mpaka kilimani, wakapokezana mchanga kwa makarai na mabeseni ya kufulia.

"Mimi sikubebewa mchanga hivi hata siku ya kujenga choo changu," alisema Um Hajar, jirani yao, mwanamke wa mikono mipana. "Huyu Bibi alikuwa na bahati gani?"

"Alikuwa na mume mwenye cheo," mwingine akamjibu. "Wewe una Abdulbasit."

Wakacheka, na kicheko kikafa upesi, kwa sababu upepo uligeuka na ukaleta mngurumo wa gari.

Bawaba moja ilikataa kutoka. Ilishikwa na jiwe kama gego. Satti aliipiga nyundo mpaka mkono ukavuja damu, mwishowe akaiacha, shimo likajazwa juu yake. Mlango wenyewe ulichukuliwa nyumbani, ukasukumwa chini ya kitanda cha kamba cha Hajja Bakhita.

"Haya," alisema kikongwe. "Nimelala juu ya magunia ya mtama, nimelala juu ya marehemu mume wangu akikoroma. Sasa nalala juu ya mlango wa Bibi."

Lakini adhuhuri, walipomaliza, wote walisimama wakaona walichokifanya. Mchanga wa korongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu. Juu ya kilima cheupe ulikaa kama kiraka kwenye makalio ya suruali.

"Afadhali tungeandika tu," alisema Um Hajar. "'Chimbeni hapa.'"

Satti alikaa juu ya jiwe akafuta uso kwa kilemba. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeogopa wazo lake mwenyewe: "Kitu gani kinachimbwa leo, mchanga wake ni mpya, na hakuna anayekishangaa?"

Wote walijua. Mwaka ule walikuwa wamechimba vya kutosha.

*

Kaburi linataka jina. Hilo ndilo lililowagombanisha kwenye kahawa ya alasiri.

"Andikeni mimi," Hajja Bakhita alijitolea. "Mmeshaningojea sana."

"Mama, soko zima linakujua. Jumapili uligombana na muuza vitunguu."

"Aliniibia kwenye mizani!"

Satti hakumtazama mama yake. Alimtazama Ihsan, mdogo wake Sittana, aliyekuja kutoka Omdurman miezi mitano nyuma na binti wa miaka mitano, Tasabih, na begi moja la nguo. Mumewe, Jadallah, alibaki nyuma siku moja kufunga duka lake la viatu. Siku hiyo moja haijaisha bado.

"Shemeji," Satti alianza, "mgeni aliyefia njiani, ambaye hapa hamjui mtu..."

Ihsan aliweka kikombe chini. "Usimalize."

"Ni jina tu."

"Ni jina lake. Huna lako? Jizike wewe, shemeji, na goti lako."

"Ihsan!" Sittana alimkemea.

"Ihsan nini, dada? Mnataka nimuue kwa ajili ya picha ya ukutani? Mwanamke aliyekufa miaka elfu mnamficha, mume wangu aliye hai mnamzika?" Sauti yake ilikuwa imepasuka. Alimwangalia mwanawe aliyekuwa akichezea majivu ya jiko, akashusha pumzi. "Kila jioni namwambia baba yake anakuja. Kila jioni. Kesho nimwambie nini?"

Sittana alitaka kusema kwamba si picha tu. Alitaka kusema habari ya kile kiganja. Lakini mbele ya dada yake asiyejua mumewe amelala wapi, maneno yale yalionekana kama anasa, akayameza na kahawa.

Mwishowe Ihsan alisema, bila kumtazama yeyote: "Wekeni mawe. Wakiuliza, semeni mtakalo. Lakini mimi simlilii, sivai nyeupe ya wajane, wala siketi eda. Mtu hakai eda ya uongo."

Basi wakaweka mawe. Moja kichwani, moja miguuni, vijiwe vyeupe juu, na bakuli la maji kwa ajili ya ndege. Lilikuwa kaburi zuri. Um Hajar alipolitazama alijikuta amesoma Fatiha, akaishia katikati kwa aibu.

*

Walikuja Jumatano baada ya adhuhuri. Gari mbili. Kamanda alikuwa kijana, ndevu bado zinatafuta njia, kilemba kimemfunika mpaka pua. Pamoja naye alikuwepo mtu mfupi asiye na bunduki, mwenye mashine ndefu mkononi na vidude masikioni. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa waya, soli isikimbie. Satti, ambaye maisha yake yote alitazama watu kuanzia chini, alikiona kiatu hicho kabla ya uso.

"Mzee, wewe ndiye mlinzi?"

"Nilikuwa. Hawanilipi."

"Na kilichokuwa kinalindwa kiko wapi?"

"Walichukua wenyewe, wale wa vyuo. Yamebaki mawe tu, kamanda. Na kaburi la mgeni wetu, tumemzika jana."

Kamanda alipanda kilimani. Sittana alikuwa mlangoni kwake, mtoto wake mdogo kiunoni, na aliona kila kitu: alivyozunguka kaburi, alivyoinama kama anayetaka kuomba dua, alivyobaki ameinama muda mrefu mno. Alipoinuka alikuwa anacheka.

"Mzee, njoo. Mlimzika jana?"

"Jana."

"Watu wangapi walikuja?"

"Kijiji kizima, Mungu awalipe."

"Wako wapi?"

"Walirudi makwao."

"Kwa mabawa?" Kamanda alinyoosha kidole chini. "Mimi nimezika watu wengi mwaka huu, mzee. Kaburi la jana hukanyagwa kama zizi. Watu husimama, husukumana, mmoja hudondosha sigara. Hapa hapana hata unyayo wa kuku. Nani alimzika mgeni wako, malaika?"

Mchanga ulikuwa safi kama ubao wa chuo.

Mtoto alilia kiunoni mwa Sittana kwa sababu alikuwa amembana. Alikumbuka alfajiri: baridi, ufagio, mkono wake unakwenda na kurudi, na yeye anawaza kama bamia zitatosha. Alizunguka kaburi. Alifagia mpaka kwenye mawe. Hata alipomaliza alirudi nyuma, kama kawaida yake, akifuta nyayo zake mwenyewe.

Kamanda alimpiga Satti kofi moja, si kali, kofi la kumpiga mtoto muongo, mbele ya mkewe na mama yake. Kilemba kilianguka. Satti alipoinama kukiokota goti lilikataa, akabaki ameinama hivyo, na vijana garini wakacheka.

"Tunakwenda kuchukua sepetu," alisema kamanda. "Tukirudi tunafungua. Tukimkuta marehemu, nitamwomba radhi na wewe nitakubusu kichwa. Tusipomkuta, basi shimo litakuwa tayari, halihitaji kuchimbwa tena. Panda gari."

*

Vumbi lao halijatua Sittana alikuwa ameketi chini, tobe lake, lile shuka refu la kujitanda, limemvuka mabegani, anajipiga mapaja. "Mkono wangu huu! Mkono huu ndio uliomuua!"

"Hajafa," Hajja Bakhita alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. "Inuka. Kumlilia mtu kabla ya wakati ni nuksi."

Ihsan alikuwa amesimama katikati ya ua. Alikuwa anatazama kilima.

"Dada," alisema. "Tobe lako jeupe liko wapi?"

Sittana aliinua uso.

"Nipe kabla sijabadilisha mawazo. Na mpeleke mtu kwa Um Hajar. Waje wote. Waje na mikeka, na birika za chai, na watoto. Waje na viatu vizito."

Walikuja. Wanawake arobaini na zaidi walipanda kilima wakikanyaga huku na huku, wengine wakirudi na kupanda tena. Walitandika mikeka, wakamwaga majani ya chai, wakatupa kokwa za tende. Um Hajar alizunguka kaburi mara saba kwa ndala za mumewe. Kwa nusu saa walifanya kazi bila kusema, kama watu wanaopiga plasta. Kisha Ihsan, mweupe kutoka kichwa hadi kisigino, aliketi kichwani pa kaburi, akaweka kiganja juu ya vijiwe.

Magari yaliposikika alifungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Wanawake walimtazama. Alijaribu tena. Sittana alidhani ndio mwisho.

"Jadallah," Ihsan alisema, kama anayemwita mtu chumba cha pili. "Jadallah, nilikuambia acha duka. Nilikuambia viatu havina roho." Sauti ikapanda. "Nilikuwekea chakula! Siku ile nilikuwekea chakula, nikakifunika kwa sahani ya bluu, nikakiacha juu ya meza, nani alikula? Ewe mwenye kucheka usingizini! Ewe uliyenifunga kamba za viatu nikiwa na mimba! Nani alikufumba macho? Nani alikuosha?"

Hapo wanawake wakaanza kulia kweli, kila mmoja wa kwake, maana hapakuwa na nyumba pale isiyokuwa na marehemu wake.

Kamanda alifika na vijana wanne wenye sepetu, Satti akisukumwa mbele, mdomo umevimba. Alisimama pembeni ya mikeka. Alitazama nyayo, mamia ya nyayo. Uso wake haukusema kitu. Akamwashiria mtu wa mashine.

Yule mfupi alipenya katikati ya wanawake akipitisha mashine juu ya vijiwe. Sittana aliijua bawaba ilipo. Aliifuata mashine kwa macho, inakwenda, inarudi, kama ufagio, mpaka juu ya pale. Mtu wa mashine alisita. Akabana vidude masikioni.

"Nyamazeni!" kamanda alifoka. "Mwache asikie!"

Kikapita kimya cha ghafla, na ndani ya kimya hicho Tasabih alijipenyeza kutoka kwa Hajja Bakhita, akamshika mama yake tobe.

"Mama," alisema, kwa ile sauti safi ya watoto isiyojua kunong'ona, "si ulisema baba anakuja?"

Kamanda aligeuza kichwa taratibu kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama. Bunduki ya kijana mmoja ilihama bega.

Ihsan alimtazama mwanawe. Alimpangusa kamasi kwa pindo jeupe, akamvuta mapajani, akakichukua kile kiganja kidogo akakiweka juu ya vijiwe chini ya chake.

"Amekuja, mwanangu," alisema. "Ndiye huyu."

Mmoja wa vijana wenye sepetu aliangalia pembeni. Kamanda alijikuna shingo. Ghafla alionekana umri wake, miaka ishirini labda, mtoto aliyekosea nyumba.

"Kuna kitu?" alimuuliza mtu wa mashine, kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika.

Yule mfupi alimtazama Sittana. Muda wa kumeza mate. "Hakuna," alisema.

Kamanda hakumbusu Satti kichwa. Alimsukuma tu kuelekea kwa wanawake, akageuka.

*

Jioni ile walimwosha Satti mdomo kwa maji ya chumvi, Hajja Bakhita akamlisha uji kama mtoto. Alhamisi alfajiri, Satti alipanda kilimani kwa mazoea. Sittana alimfuata mikono mitupu. Ufagio aliuacha ukutani. Aliuogopa.

Mchanga ulikuwa vurugu, nyayo juu ya nyayo. "Umekuwa kama gazeti lililomwagikiwa na maji," Satti alinung'unika. "Miaka thelathini nasoma, leo mimi kipofu." Alichechemea mpaka miguuni pa kaburi. Halafu akasimama.

Juu ya nyayo zote za wanawake kulikuwa na nyayo mpya, za mtu mmoja. Zimepanda, zimesimama, zimeshuka. Ule wa kushoto ulikuwa na mstari mwembamba katikati, kama alama ya waya.

Na pale mwenye kiatu hicho alipokuwa amesimama, juu ya bawaba hasa, palikuwa na vijiwe vitatu vyekundu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Hakuna mtu wa pande zile asiyejua maana yake. Ndivyo mchimba dhahabu anavyotia alama mahali pake, ili atakaporudi na watu wake, si na wa kamanda, mwingine asimdhulumu.

"Alisikia," Satti alisema.

"Alisikia," Sittana akajibu.

Mbali, magari yalikuwa bado kwenye vumbi lake. Satti alianza kusema kwamba atapiga simu, atapanda paani. Sittana alikuwa hamsikilizi. Alivitazama vile vijiwe vitatu kama anavyotazama unga kidogo na watu wengi.

"Anasikia chuma," alisema. "Na mkubwa wake anaona mchanga uliofagiwa."

"Ndiyo. Basi?"

"Basi tuna mlango mzima, baba Munir. Na ufagio."

Satti alimwangalia mkewe. Kisha, na mdomo wake uliovimba, alitabasamu nusu.

Asubuhi hiyohiyo wanaume wanne walivuka korongo wamebeba kitanda cha kamba kilichofunikwa shuka, vichwa vimeinama, na yeyote aliyewaona kutoka mbali alisema *innalillahi*, amekufa mwingine. Ng'ambo kulikuwa na kilima kitupu, ambako hapakuwahi kuzikwa hata punda. Wakachimba kina cha mtu na nusu, wakaulaza mlango wa chuma kifudifudi, wakafukia, wakasawazisha. Safari hii hawakuweka mawe ya kaburi. Sittana mwenyewe aliweka vile vijiwe vitatu vyekundu, kwa mpangilio uleule, cha chini kikubwa. Miguuni pa kaburi la kwanza hakubakiza hata kimoja. Mwenye alama akiikuta ng'ambo, juu ya chuma kikubwa zaidi, atadhani mali imehamishiwa huko.

Wenye bunduki wangechimba siku ngapi wakiukuta? Mlango una mantiki yake: aliyeuona hawezi kuamini kwamba haufungui kitu. Wiki moja, alisema Satti. Labda mwezi. Labda vita navyo vitachoka. Na labda watarudi wamekasirika. Hilo hawakulisema.

Tangu siku hiyo kila alfajiri Sittana alivuka korongo na ufagio wake. Siku ya nne Tasabih alimfuata. Ihsan alikuwa ndani, katika nyeupe yake. Alisema aliyemlilia mume mbele ya watu hachezi na eda, hesabu yake anaijua Mungu mwenyewe.

"Mama mkubwa, humu amelala nani?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

Mtoto alifikiri. Akaonyesha ng'ambo, kilima cha Bibi, kilichojaa nyayo, ambacho sasa hakuna aliyekigusa. "Na kule kwenye kaburi?"

Sittana aliangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu wa kusikia. Aliinama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mtoto.

"Kule pia baba hayupo. Lakini hiyo ni siri yangu na yako na ya mama. Usimwambie hata mbuzi."

"Sasa baba yuko wapi?"

"Njiani."

Tasabih alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Sittana akamwambia asogee, akaanza kufagia, taratibu, kwa uangalifu, hakuacha hata mkunjo, kama mwanamke mwenye kitu kikubwa cha kuficha. Alipomaliza alimbeba mtoto mgongoni, akarudi kinyumenyume, akifuta nyayo zao wote wawili.